Paka Aliyekaa Kama Marehemu

Paka wa nyumba hii alianza kukaa kama Mzee. Mzee alikuwa amekufa miezi miwili kabla.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Si kwamba paka alikaa mahali pa Mzee. Paka hukaa popote. Huyu alikaa jinsi Mzee alivyokaa.

Mzee alikuwa mlinzi wa ghala kwa miaka thelathini. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Alipostaafu, kila siku saa kumi alasiri alikaa kwenye kiti chake chenye mikono. Mgongo aliuegemeza. Mguu wa kushoto aliunyoosha mbele. Kichwa kiliinama kidogo upande, na macho yalikuwa mlangoni. Alilinda mlango wa nyumba yake kama alivyolinda ule wa ghala. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Sasa saa kumi ikifika, paka alipanda kiti kile. Alipanda kwa shida. Alitanguliza miguu ya mbele, halafu akajivuta. Kisha akakaa kwa makalio, kama mtu. Mgongo aliuegemeza. Tumbo lilitokeza mbele. Mguu wa nyuma wa kulia aliukunja. Mguu wa kushoto aliunyoosha, umekakamaa kama mpini. Kichwa kiliinama upande. Macho yalitazama mlango.

Aliyemwona wa kwanza ni mke wa Fundi. Fundi ni mtoto wa Mzee. Kazi yake ni kutengeneza makochi, na karakana yake ni baraza ya nyumba. Hapo hukata sponji, huvuta kitambaa na kugonga misumari midogo kutwa nzima. Mkewe aliingia na beseni la nguo, akasimama palepale. 

"Mume wangu," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Na uache hiyo nyundo."

Fundi akaja na nyundo yake. Alitazama kiti. Paka naye akamtazama, bila kupepesa.

"Si ni Karani," alisema Fundi. Karani ndilo jina la paka. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, kwa sababu alipenda kulalia karatasi za watu.

"Najua ni Karani. Nakuuliza, amekaa kama nani?"

  Fundi alirudi kwenye kochi lake, na jioni hiyo alijigonga kidole mara mbili.

Wiki iliyofuata ikaja sauti.

Ilikuja mchana, wakati nyumba imetulia. Mke wa Fundi alikuwa jikoni anachambua maharage. Alisikia kitu ukumbini, kwenye sakafu ya saruji. Tik. Tik. Tik. Halafu kimya. Halafu tena: tik, tik, tik. Fimbo ya Mzee ilikuwa na chuma kwenye ncha. Mzee alikuwa akipiga hatua tatu, anapumzika, anapiga tatu nyingine.

Alichungulia. Hapakuwa na mtu. Alikuwepo Karani tu, anatembea polepole, kichwa chini, kama mtu anayetafuta sarafu. Paka huyu alikuwa ameishi humo miaka kumi na miwili bila kusikika hatua zake. Sasa alisikika.

Kisha likaja jambo la kabati.

Kabati la nguo lilikuwa chumbani kwa mama yake Fundi. Tumwite Bibi, kama mjukuu wake anavyomwita. Kila alasiri Karani alikwenda kusimama mbele ya kabati lile. Aliinua kichwa, akatazama juu, akalia. Haikuwa sauti ya paka mwenye njaa. Ilikuwa sauti nzito, ndefu, inayoanzia tumboni.

Siku ya tatu Bibi alifungua kabati. Nguo za Mzee zilikuwa bado zimetundikwa. Alitoa koti lake la ulinzi, lile nene la kaki, akalitandika sakafuni. Karani alilinusa. Akalipanda. Akajizungusha mara tatu, akalala, akanyamaza.

"Umeona?" Bibi alimwambia mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mitatu. "Alikuwa analidai koti lake."

"Bibi, nani?"

"Nani tena? Mwenye koti."

Msichana alitoka chumbani kinyumenyume.

Mengine yakafuata. Manyoya ya mgongoni mwa Karani yalishikana mabonge, yakasimama kama ya mnyama aliyenyeshewa. Fundi alipompapasa kiunoni, paka aligeuka ghafla, akanguruma na kumng'ata. Hakuwa amemng'ata mtu maisha yake yote. Kisha akaanza kukojoa pembeni mwa mlango badala ya kwenye kreti lake la mchanga.

"Hapo sasa simwelewi," alisema mke wa Fundi, ameshika dekio. "Marehemu hakuwa na tabia hiyo."

"Siku za mwisho alikuwa nayo," alijibu Bibi. "Wewe ulikuwa hufui mashuka. Nilikuwa nafua mimi."

Bibi alibadilika. Kila saa kumi aliweka kikombe cha chai kando ya kiti, akakaa mkabala na paka. Alimweleza habari za siku: nani amezaa, nani amehama, bei ya mkaa. Alimgawia nusu ya chakula chake. Yeye akakonda, paka akanenepa. Mtu akimtaja Mzee kama mtu aliyekwisha kufa, Bibi alikunja uso.

Majirani wakaanza kuja kuomba chumvi. Mtaa mzima uliishiwa na chumvi wiki moja. Kila aliyeingia alisimama, akatazama kiti, akasahau chumvi yake, akaondoka.

Jumatano mke wa Fundi alikata kauli.

"Mimi siwezi kupika huku baba mkwe ananitazama," alimwambia mumewe barazani. "Amenitazama akiwa hai miaka kumi na tano. Inatosha."

"Unataka nifanye nini?"

"Paka aondoke."

Fundi alikuwa na mteja mwenye lori. Jumamosi lori lingekuja kuchukua makochi matatu na kuyapeleka mbali. "Nitamtia kwenye gunia," alisema. "Dereva atamwacha sokoni huko. Sokoni hakosi chakula."

Hakujua kwamba mama yake yuko nyuma ya pazia.

"Utamtia baba yako kwenye gunia?"

"Mama, yule ni paka."

"Ananyoosha mguu gani?"

Fundi aliokota msumari chini, ingawa hakuuhitaji.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Haya. Mtie kwenye gunia." Bibi akaachia pazia.

Sasa Bibi alikuwa na siku mbili. Alifikiri kama mke anavyofikiri. Tatizo ni mguu. Mguu ukipona, atakaa vizuri. Akikaa vizuri, watu watanyamaza, na gunia halitakuwepo. Na dawa ya mguu ule aliijua. Alikuwa ameitoa kwa mkono wake kila siku kwa miaka mingi. Kwenye droo kulikuwa na kopo la Mzee la vidonge vya maumivu, parasetamoli ya kawaida ambayo kila nyumba inayo. Vilibaki vidonge kumi na kimoja.

Bibi hakuwa mjinga. Alijua paka ni mdogo. Kwa hiyo alivunja kidonge mara nne, akachukua robo moja, akaisaga kwa kijiko, akaichanganya na maziwa. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi akampa robo ya pili. Hakumwambia mtu.

Ijumaa mchana msichana alirudi kutoka shule. Hakupiga kelele. Alitoka chumbani kwa Bibi, akaja barazani, akasimama mbele ya baba yake, mkoba bado mgongoni.

"Baba, uso wa Karani umebadilika."

Fundi aliingia. Paka alikuwa amelala kwenye koti la kaki. Kichwa chake kilikuwa kikubwa. Mashavu yalikuwa yamevimba, macho yamebaki vijistari viwili. Nyayo zake zilikuwa zimevimba kama mikate. Alihema kwa mdomo wazi, haraka haraka, kama mbwa, na mate yalimtiririka. Fundi aliinua mdomo wake kwa kidole. Ufizi, ambao hutakiwa kuwa wa rangi ya waridi, ulikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda.

"Anakufa tena," alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Alihema hivyohivyo."

Fundi alisimama hajui la kufanya. Mkewe alisukuma pazia, akatazama, akaenda barazani. Alirudi na boksi lenye vipande vya sponji.

"Mtie humu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kule kwenye josho la ng'ombe. Fanya haraka."

"Si wewe ulisema aondoke?"

"Nilisema aondoke. Sikusema afe."

Walikwenda watatu: Fundi, mama yake na boksi. Ni mwendo wa dakika ishirini. Bibi, ambaye hakuwa ametoka nje tangu msiba, alitembea mbele.

Zahanati ya mifugo ni chumba kimoja chenye meza ya bati na harufu ya dawa ya kupe. Nje kulikuwa na mbuzi wawili na tenga la kuku. Daktari alikuwa mama wa makamo, mabuti yake yana matope mpaka magotini. Alitazama ndani ya boksi mara moja tu, akawaacha mbuzi.

"Amekula nini?" aliuliza huku anamweka paka mezani.

"Chakula cha kawaida," alisema Fundi.

"Siulizi chakula. Nauliza dawa. Nani amempa dawa ya binadamu?"

"Hakuna," alisema Fundi.

Daktari aliinua mdomo wa paka. "Baba, ufizi huu haudanganyi. Kuna sumu chache zinazofanya damu iwe na rangi hii na uso uvimbe hivi. Moja iko kwenye kila droo. Nikijua ni ipi, nitaanza matibabu sasa hivi. Nisipojua, nitabahatisha, na yeye hana muda wa mimi kubahatisha."

 Kuku mmoja alipiga mabawa nje.

"Robo," alisema Bibi. "Jana robo. Leo robo. Ya parasetamoli."

Fundi aligeuka kumtazama mama yake. Bibi hakumtazama.

"Asante, mama," alisema Daktari, na mikono yake ikaanza kazi. Alimnyoa paka mguu wa mbele, akatafuta mshipa, akafunga dripu. Alimwingizia dawa ya kupambana na sumu ile. Alimwekea hewa ya mtungi puani. Alifanya yote bila kumfokea mtu. Alipomaliza, aliosha mikono, ndipo akazungumza.

"Sikilizeni, maana nyumba nyingi hufanya kosa hili. Dawa inayokutuliza wewe inaweza kumuua paka. Mwili wa paka hauwezi kuivunja. Inabaki ndani, inageuka sumu. Damu inashindwa kubeba hewa. Ini linaungua. Msiseme robo. Msiseme kidogo. Kwa paka hakuna kidogo. Na si hii tu. Dawa zote za maumivu za watu, za kichwa, za magoti, za mgongo, ni hatari kwake. Mngechelewa mpaka jioni, mngekuja kuniomba jembe la kumzikia."

"Nilitaka mguu upone," alisema Bibi.

"Mguu gani?"

Bibi akaeleza. Alieleza yote, kutoka kiti hadi koti. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu na paka, akaweka kiganja kiunoni mwake taratibu. Alikunja mguu wa kulia kidogo, akauachia. Aliushika mguu wa kushoto. Paka, pamoja na udhaifu wake, alinguruma.

"Hapa," alisema Daktari. "Fundi, wewe kazi yako nini?"

"Makochi na viti."

"Maungio ya kiti yakilika, kiti hufanya nini?"

"Kinalalia upande."

"Unajuaje ungio lipi limelika?"

"Nakitikisa. Nasikia kwa mkono."

"Basi njoo usikie."

Fundi aliweka vidole viwili juu ya goti la paka. Daktari aliukunja mguu taratibu sana. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mbao mbili kavu zinazosuguana. Kisha kitu kikateleza chini ya ngozi, kikarudi.

"Hicho kilichoteleza ni kifuniko cha goti," alisema Daktari. "Hakikai mahali pake. Na nyonga zote mbili zimelika. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ni mzee. Paka wengi wa umri huo wana viungo vilivyolika, na wenyewe hawajui. Namaanisha wenye paka, si paka. Paka hachechemei sana kama mbwa. Halalamiki. Anabadilisha tu jinsi anavyokaa. Akikunja goti hili anaumia, kwa hiyo hulinyoosha. Akichutama nyonga zinauma, kwa hiyo hukaa kwa makalio na kuegemea."

"Na zile sauti za fimbo?" aliuliza Bibi.

Daktari aliinua unyayo wa paka. Kucha zilikuwa ndefu, zimejikunja. "Paka mwenye maumivu hakwaruzi miti. Kucha hazipungui. Zinagonga sakafu. Anapiga hatua tatu anapumzika kwa sababu amechoka."

"Na kabati?"

"Alikuwa analala wapi zamani?"

Fundi alijibu, polepole. "Juu ya kabati."

"Hawezi tena kuruka. Anatazama juu, analia. Ulipomtandikia koti akapata pahali laini, akanyamaza. Manyoya yameshikana kwa sababu hawezi kujipinda kujilamba mgongo. Kreti lenu la mchanga lina kuta ndefu?"

"Mpaka hapa," alisema Fundi, akaonyesha chini kidogo ya goti.

"Hawezi kuuvuka ukuta huo kwa mguu ule. Anakojoa anapofika."

"Na kwa nini kiti kile?" Bibi aliuliza. "Kwa nini saa kumi?"

"Jua linaingia saa ngapi upande huo wa nyumba?"

"Saa kumi," alisema Bibi. Mzee mwenyewe alikuwa amechagua mahali pale pa kuweka kiti. Alisema jua la saa kumi linatuliza goti.

"Joto hutuliza kiungo," alisema Daktari. "Cha mtu na cha paka."

"Na mlango?"

"Nani hurudi saa hizo?"

"Mjukuu wangu, kutoka shule. Siku nyingi."

"Basi."

Bibi alimtazama paka pale mezani. Kisha akauliza, "Na kichwa? Kuinama kwa kichwa vile?"

Daktari alichukua kitochi, akachungulia sikio la kwanza, akachungulia la pili. Alipapasa shingo. Aliangalia macho yote mawili. Akazima kitochi.

"Masikio ni safi. Shingo ni nzima," alisema. "Hilo sijui."

 Dripu ilidondoka, tone, tone.

"Kwa hiyo yeye hayupo," alisema Bibi.

"Mama, mimi natibu wanyama. Ninachojua ni kwamba huyu hapa anaumwa, na anatibika."

Karani alilazwa siku nne. Siku ya kwanza hakuinua kichwa. Siku ya pili uvimbe ulianza kushuka. Siku ya tatu ufizi ulirudi rangi, na akalamba maji. Bibi alikwenda kila siku, asubuhi na jioni. Alikaa kwenye kigoda kati ya mbuzi na kuku. Hakumweleza paka habari zozote. Alimshika tu unyayo.

Siku ya nne Daktari alimpima kwenye mizani. Kilo sita.

"Angetakiwa kuwa na nne na nusu," alisema. "Kila kilo ya ziada inakaa juu ya goti lile. Apungue, lakini polepole, kwa miezi. Msimnyime chakula. Paka asipokula siku mbili ini linaharibika, na ini lake limeshapata la kutosha."

"Nitampunguzia," alisema Bibi. "Nitakula mwenyewe."

"Vizuri. Na wewe unahitaji kula. Dawa ya maumivu ya paka ipo, ya maji, inapimwa kwa uzito. Tutaanza baadaye, ini likipumzika. Nitaitoa mimi. Si droo."

"Kuna kingine cha kuangalia?" aliuliza Fundi.

"Kipo. Msione kila paka aliyekaa kama mtu mkadhani ni mgonjwa. Wengine hukaa hivyo kwa raha zao, hata wakiwa vijana. Angalieni mabadiliko. Alikuwa anaruka, sasa haruki. Alikuwa anajilamba, sasa hajilambi. Alikuwa mpole, sasa anang'ata ukimgusa. Hapo mleteni. Na siku mkiona paka anaburuta miguu ya nyuma ghafla na miguu ni ya baridi, msingoje hata saa moja."

Fundi alifika nyumbani akaacha makochi ya watu. Alichukua mbao na mabaki ya sponji, akatengeneza ngazi pana ya vidato vitano hadi juu ya kabati. Kila kidato alikivika kitambaa kigumu kisichoteleza. Alikitikisa, akasikiliza, akaongeza gundi. Alikata ukuta mmoja wa kreti la mchanga mpaka ukabaki na kimo cha vidole vitatu. Alitengeneza godoro dogo la sponji nene, akaliweka mbali na upepo. Mkewe alisogeza bakuli la maji na la chakula karibu na godoro, ili paka asitembee nyumba nzima kutafuta. Msichana alipewa brashi. Kila siku alimchana Karani mgongo, taratibu, bila kukandamiza kiuno. Mara moja kwa mwezi Daktari alimpunguza kucha. Baada ya mwezi dawa ya matone ikaanza.

Sauti ya tik tik ikaisha siku ya kucha. Mkojo wa mlangoni ukaisha wiki ileile. Wiki ya saba, asubuhi, mke wa Fundi alikuwa anafagia chumba cha mama mkwe. Alihisi anatazamwa. Aliinua macho. Karani alikuwa juu ya kabati, amekunja miguu yote minne chini yake kama paka wa kawaida, anamtazama.

"Umeanza tena," alimwambia. Lakini alikuwa anatabasamu.

Kule juu jua hufika mapema zaidi, na bati la paa hulitunza joto mpaka jioni. Karani hakurudi tena kwenye kiti.

Saa kumi siku hiyo Bibi alikaa mahali pake, mkabala na kiti. Jua liliingia. Likapanda mguu wa kiti, likafika kwenye mto, likakaa hapo peke yake. Bibi alitazama mpaka likaondoka. Siku ya pili alifanya vilevile. Siku ya tatu mkwe wake alikuja, akakaa naye, akachambua mchele. Siku ya nne Bibi hakukaa. Alikwenda jikoni, akaomba kisu, akamenya vitunguu.

Fundi alijumlisha gharama zote, kama anavyojumlisha za kila kochi. Sumu yenyewe ilikuwa nusu ya kidonge kimoja. Tiba ilichukua siku nne za dripu, na malipo yake yalikuwa sawa na kutengeneza kochi moja la watu watatu, kitambaa na ufundi. Siku tano za kazi zilipotea, na mwenye lori hakungoja, alichukua makochi matatu kwa fundi mwingine. Karani alibaki na ini dhaifu, na Daktari alisema huenda likampunguzia miaka miwili. Na Bibi alifiwa na mume mara mbili ndani ya miezi mitano. Mara ya kwanza watu walijaa uani kumpa pole. Mara ya pili hakuna aliyekuja, kwa sababu paka alikuwa amepona.